Sura ya Saba: Kompyuta Imeganda, Mshale Unatembea

"Mbona mshale unatembea, lakini nikibofya hakuna kinachofanyika?"

Swali hili husikika kwenye ofisi za shule, zahanati, maduka ya steshenari na majumbani, na mara nyingi mwulizaji huwa ameshanyoosha mkono kuelekea swichi ya ukutani. Sura hii inamwomba asubiri kidogo. Jibu la swali lake limo ndani ya swali lenyewe: mshale unatembea, kwa hiyo kompyuta iko hai. Kilichokwama ni kitu kidogo kuliko kompyuta nzima, na kitu hicho kinaweza kutafutwa.

Tuchukue duka la steshenari, saa tano asubuhi. Mhudumu ana kompyuta moja ya mezani na wateja wawili. Wa kwanza ni mwanafunzi aliyeleta ripoti ya mafunzo kazini kwenye flashi. Wa pili ni mama anayeomba kazi, anataka namba ya simu kwenye wasifu wake ibadilishwe. Nyaraka zote mbili ziko wazi kwenye Word. Mhudumu anaagiza ripoti ichapishwe, na bila kusubiri anarukia dirisha la wasifu.

Anaandika. Herufi hazitokei. Anabofya, kompyuta inalia "ting". Anabofya tena, "ting". Printa nayo imenyamaza.

"Dada, imestaki tena?" anauliza mwanafunzi. "Zima tu, uwashe."

Kabla mkono haujafika kwenye swichi, dalili tatu ziko mbele yao. Mshale unazunguka skrini nzima bila taabu. Saa ya pembeni chini inaendelea kuhesabu dakika. Na ule mlio mfupi unaonyesha kwamba kompyuta imesikia mbofyo na imeukataa. Mashine iliyokufa haikatai kitu.

Foleni iliyokosa mhudumu

Nyuma ya kila dirisha kwenye skrini kuna programu inayolihudumia. Mtu anapobofya au kubonyeza herufi, tendo hilo haliendi moja kwa moja kwenye waraka. Linapokelewa kwanza na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, kama vile Windows, macOS au Linux. Mfumo endeshi hulifanya tendo hilo kuwa ujumbe mdogo na kuuweka kwenye foleni ya dirisha linalohusika. Kazi ya programu ni kurudi kwenye foleni hiyo kila mara, kuchukua ujumbe ulio mbele, kuushughulikia, kisha kurudi kuchukua mwingine.

Ni kama dirisha la malipo hospitalini. Mambo yakienda sawa, mhasibu anapokea karatasi, anagonga mhuri, anaita anayefuata. Siku moja akiingia chumba cha ndani kutafuta jalada na asirudi, foleni inasimama. Watu bado wanaingia getini, taa zinawaka, mlinzi anasalimia. Hospitali haijafungwa, ila dirisha moja halina mtu.

Mshale wa kipanya husogezwa na mfumo endeshi wenyewe, pasipo kusubiri programu yoyote. Ndiyo maana huendelea kutembea juu ya dirisha lililoganda.

Windows ina kipimo chake cha subira. Dirisha lisipoitazama foleni yake kwa sekunde 5, mfumo hulihesabu kuwa haliitikii. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, kinachofuata ni mbinu ya kimyakimya: mfumo huliweka kando dirisha lililokwama na kusimamisha mahali pake kivuli chake, chenye maneno "Not Responding" juu. Katika Windows za baadaye kivuli hicho hupauka kama picha iliyochujuka juani. Mtumiaji anaweza kukisogeza, kukishusha au kukifunga, kwa sababu kinashughulikiwa na Windows, si na ile programu iliyokwama.

Kwa nini mhudumu wa foleni hupotea? Sababu za kawaida ni hizi:

- Ana kazi kubwa. Jedwali la Excel lenye maelfu ya safu linapiga hesabu upya.
- Anasubiri wengine. Programu imeomba kitu kwenye mtandao, printa au flashi, na jibu halijaja.
- Wamesubiriana. Sehemu mbili za programu kila moja inangoja nyenzake imalize, kama watu wawili mlangoni wanaoambiana "tangulia wewe" na hakuna anayepita.
- Meza imejaa. Hili linahitaji maelezo kidogo.

Kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yaani RAM, ni kama meza ya fundi, na diski ni stoo yake. Meza ikijaa, mfumo huhamishia stoo vitu visivyotumika kwa sasa na kuvirudisha vinapohitajika. Kufikia kitu kwenye diski ya kuzunguka ya mtindo wa zamani huchukua muda wa takriban mara 100,000 zaidi ya kukifikia kwenye RAM. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo na vichupo thelathini vya intaneti hutumia muda wake wote kwenda stoo na kurudi. Taa ndogo ya diski kwenye boksi humwekamweka mfululizo. Hapo kompyuta haijaganda, imeelemewa.

Jambo moja huumiza watu wengi wakati huu: kubofya kwa hasira. Mibofyo kumi ni jumbe kumi kwenye foleni. Programu ikizinduka inaweza kuzitekeleza zote, moja baada ya nyingine, na kitufe kilichokuwa chini ya mshale huenda sasa si kile kilichokusudiwa.

*Kwa ufupi: dirisha lililoganda ni programu isiyosoma foleni yake. Kompyuta inayoizunguka mara nyingi ni nzima.*

Enzi ambayo programu moja iliangusha zote

Haikuwa hivi siku zote. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, programu zilipokezana zamu kwa hiari. Kila moja ilitarajiwa kuachia nafasi ili nyingine ifanye kazi, na moja iliyogoma kuachia ilizisimamisha zote. Kompyuta za Macintosh ziliishi na utaratibu kama huo hadi Mac OS X ilipotoka mwaka 2001. Kwa watumiaji wa miaka ile, ushauri wa "zima, uwashe" ulikuwa na mantiki, na mazoea hayo yamerithishwa hadi leo.

Windows NT ya mwaka 1993, na Windows 95 iliyoifuata kwa watumiaji wa kawaida, zilileta utaratibu mwingine: mfumo endeshi wenyewe hugawa muda na huweza kuinyang'anya programu zamu yake. Kila programu ya kizazi kipya ikapata pia foleni yake ya kibodi na kipanya. Kukwama kwa moja kukaacha kuwa msiba wa wote.

Vitufe vitatu maarufu kuliko vyote, Ctrl, Alt na Del, vina historia yake humo humo. David Bradley alikuwa mmoja wa wahandisi wa IBM waliotengeneza kompyuta ya IBM PC huko Boca Raton, Florida, iliyozinduliwa Agosti 1981. Wakati wa majaribio mashine ilikwama mara kwa mara, na kila ilipozimwa na kuwashwa ilianza upya kukagua kumbukumbu, jambo lililokula muda. Bradley akatengeneza njia ya mkato ya kuiwasha upya bila ukaguzi huo. Alichagua vitufe vilivyo mbalimbali kwenye kibodi ili mtu asivibonyeze vyote kwa bahati mbaya.

Windows NT ikavipa vitufe hivyo kazi nyingine: kubisha hodi kwa mfumo endeshi wenyewe. Programu ya kawaida haiwezi kuvizuia wala kuvidaka njiani. Hata mchezo ulioifunika skrini yote hauwezi.

Nani anasikiliza kibodi?

Kuna mkwamo wa aina ya pili ambao hauna uhusiano na foleni kusimama. Programu ni nzima, inaitikia, lakini herufi haziendi zinakotakiwa.

Kibodi ni moja na madirisha ni mengi. Kwa hiyo mfumo endeshi huteua dirisha moja tu kwa wakati mmoja liwe msikilizaji. Uteuzi huo wataalamu huuita fokasi. Dirisha lenye fokasi ndilo linalopokea kila herufi. Mengine yanaonekana kwenye skrini lakini hayasikii.

Fokasi ikipotea au ikifungwa mahali, mtu hudhani kompyuta imeganda. Visa hivi vinne hutokea sana:

1. Kisanduku kilichojificha. Programu huweza kufungua kisanduku cha swali na kufunga madirisha yake mengine mpaka lijibiwe. Kisanduku kikikaa nyuma ya dirisha jingine, mtumiaji anabaki akibofya mlango uliofungwa na kusikia "ting".

2. Skrini isiyoonekana. Waya wa projekta bado umechomekwa lakini projekta imezimwa. Kompyuta inaweza kuendelea kuihesabu kama skrini ya pili na kufungua dirisha huko, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

3. Kibodi iliyopunguzwa usikivu. Windows ina msaada kwa watu ambao vidole vyao hutetemeka. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, inauliza kama uuwashe. Mtu akikubali bila kusoma, mibonyezo ya haraka hupuuzwa na kibodi huonekana imekufa. Shift ikibonyezwa mara 5 mfululizo, huja msaada mwingine, unaofanya vitufe kama Ctrl na Shift vibaki kana kwamba vimeshikiliwa.

4. Scroll Lock kwenye Excel. Vitufe vya mishale vinasogeza karatasi nzima badala ya kuhama seli kwa seli. Kitufe cha Scroll Lock kikibonyezwa tena, mambo yanarudi kawaida.

*Kwa ufupi: kabla ya kuuliza kwa nini programu haisikii, uliza ni nani anayesikiliza.*

Ngazi ya uokoaji

Fundi mzuri huanza na hatua isiyopoteza kitu na kupanda polepole. Ngazi ifuatayo imepangwa hivyo kwa mtumiaji wa Windows.

1. Ondoa mkono kwenye kipanya na usubiri dakika moja au mbili. Tazama taa ya diski kama ipo. Ikiwa inamwekamweka, kazi inaendelea. Bonyeza Esc mara moja, maana huenda kuna menyu iliyobaki wazi.

2. Kagua madirisha yote. Shikilia Alt, gonga Tab. Picha ndogo za madirisha zitajipanga katikati ya skrini. Pita moja baada ya jingine ukitafuta kisanduku chenye swali.

3. Liite dirisha lililo nje ya skrini. Likiwa na fokasi, shikilia kitufe cha Windows pamoja na Shift na ugonge mshale wa kushoto au kulia. Litarukia skrini nyingine.

4. Pima uhai wa mashine. Gonga Caps Lock na utazame taa yake. Kwenye kibodi za kawaida, taa hiyo huwashwa kwa amri ya kompyuta, kitufe peke yake hakiwezi. Ikiwaka na kuzimika kila unapogonga, ndani kuna anayesikia, hata kama skrini imesimama kabisa. Isipobadilika, kagua kwanza waya wa kibodi au betri.

5. Hifadhi kazi nyingine, kisha funga programu moja. Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager, orodha ya kila kinachoendeshwa. Chagua programu iliyokwama, bofya "End task". Ambacho hakikuhifadhiwa kwenye programu hiyo kinaweza kupotea, lakini nyingine zote zinabaki. Skrini ikiwa imefunikwa, pitia Ctrl, Alt na Del.

6. Mstari wa chini wa skrini ukigoma, tafuta Windows Explorer kwenye orodha hiyo hiyo na uchague "Restart". Mstari na aikoni hutoweka kidogo na kurudi. Nyaraka zilizo wazi hazifungwi.

7. Picha ikisimama au skrini ikiwa nyeusi, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Windows 10 na 11 huanzisha upya sehemu inayochora picha. Skrini hupepesa, na programu zinaendelea zilipoishia.

8. Washa upya kwa utaratibu kupitia alama ya umeme iliyo kwenye ukurasa wa Ctrl, Alt na Del.

Kwenye Mac, vitufe vya hatua ya tano ni Command, Option na Esc. Huleta orodha ya programu, na ile isiyoitikia huandikwa hivyo pembeni ya jina lake.

Anayepanda ngazi hii kwa utulivu mara nyingi hupata ufumbuzi kabla ya hatua ya sita.

Linux: programu inaposhika kibodi isiachie

Katika Linux fokasi iliyofungwa ina historia ndefu zaidi. Kwa miongo kadhaa madirisha yake yamechorwa na X, mfumo uliozaliwa chuo cha MIT mwaka 1984. X huruhusu programu kushika kibodi na kipanya vyote viwili ili kila tendo lije kwake tu. Sababu yake ni ya kweli. Menyu ikifunguka, inahitaji kujua mtu akibofya nje yake ili ijifunge.

Tatizo huja programu ikiganda huku imeshika. Menyu inabaki imening'inia katikati ya skrini, mshale unatembea, na hakuna dirisha lolote linalopokea mbofyo. Aliyeona hali hiyo kwa mara ya kwanza huamini kwamba mashine yote imekwisha.

Mlango wa dharura upo. Ctrl, Alt na F3 huhamisha mtumiaji kwenye skrini ya maandishi matupu, isiyotegemea madirisha. Huko anaingiza jina na nenosiri lake, anatazama orodha ya programu kwa amri ya top, na kuisimamisha iliyokwama kwa amri ya pkill ikifuatwa na jina lake. Programu ikiondoka, mshiko wake nao huachiliwa. Kurudi kwenye madirisha ni Ctrl, Alt na F1, F2 au F7, kutegemea toleo.

Hilo nalo likishindikana, kiini cha Linux kina vitufe vyake vya mwisho. Mtu hushikilia Alt pamoja na Print Screen, kisha hugonga S, U na B, akiacha sekunde chache kati yao. S huandika kwenye diski kila kilichokuwa kinasubiri. U huifunga diski isiandikwe tena. B huwasha mashine upya. Baadhi ya matoleo huvizuia vitufe hivi mpaka viruhusiwe kwenye mipangilio, kwa hiyo inafaa kuvikagua siku ambayo hakuna dharura.

Kasoro ya mshiko ilichangia kufikiriwa upya kwa mfumo wenyewe. Wayland, ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, hauruhusu programu ya kawaida kujitwalia kibodi kwa kauli yake. Msimamizi wa skrini ndiye anayegawa, na anaweza kunyang'anya. Fedora iliufanya kuwa chaguo lake la kwanza mwaka 2016, na matoleo mengine yakafuata.

Kitufe cha umeme

Inapobidi kweli, kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 4 au zaidi hukata umeme bila kuuliza mfumo endeshi. Ni afadhali kuliko kuchomoa waya ukutani, maana hakuna cheche wala kukosea plagi.

Hasara yake inaeleweka na kila aliyewahi kukatikiwa na umeme katikati ya kuandika. Kompyuta haiandiki kwenye diski kila kitu papo hapo. Hukusanya kwanza, kisha huandika kwa mkupuo. Umeme ukikatika katikati, kilichokuwa njiani hupotea. Diski za Windows na Linux hutunza shajara ya mabadiliko, kumbukumbu inayouwezesha mfumo kurudisha mpangilio wa mafaili baada ya ajali. Shajara hiyo hulinda mpangilio, lakini haiahidi kurudisha aya ya mwisho. Flashi nyingi hazina hata ulinzi huo.

Tabia tatu hupunguza maumivu hayo:

- Ctrl na S kila aya inapokamilika.
- Word huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa. Kwenye mipangilio ya kuhifadhi, muda huo unaweza kushushwa hadi dakika 2 au 3.
- Faili la mteja linakiliwa kwanza kwenye kompyuta, linafanyiwa kazi hapo, ndipo linarudishwa kwenye flashi.

Kilichokuwa nyuma ya wasifu

Kule steshenari, mhudumu anauacha ukuta na kurudi kwenye kibodi. Anashikilia Alt, anagonga Tab. Picha ndogo zinajipanga: wasifu, kivinjari, na ripoti ya mwanafunzi. Anachagua ripoti.

Katikati ya ukurasa wa kwanza kuna kisanduku kidogo. Word inaeleza kwamba pambizo za waraka zimevuka eneo ambalo printa inaweza kuchapisha, na inauliza iendelee au iache. Swali lilitokea wakati mhudumu ameshahamia kwenye wasifu. Kwa kuwa nyaraka zote mbili zinaendeshwa na Word ile ile, kisanduku cha moja kiliifunga na nyingine. Foleni haikusimama wala kumbukumbu haikujaa. Na kama angezima na kuwasha, ripoti ile ile yenye pambizo zile zile ingeleta swali lile lile.

Anabofya "Yes". Printa inavuta karatasi ya kwanza, kisha ya pili. Anarudi kwenye wasifu, mama anataja namba yake tarakimu mbili mbili, na safari hii kila moja inatokea. Mhudumu anabonyeza Ctrl na S kabla hajauliza nakala ngapi.